Fidla Yangu Ilivyofika Kwenye Mpunga wa Golbanti

Mmeniuliza kwenye kundi letu la simu, mmeniuliza mazoezini, na Achieng', mwenzetu wa bendi, akaniuliza hata tulipokuwa kwenye matanga ya watu. Ilikuwaje huko Tana? Mbona ulikaa sana? Mbona ulirudi mweusi hivyo na matope kwenye sanduku la fidla? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, kisha mnakutana na kubishana juu ya safari ambayo hamkwenda. Basi nimekaa chini nikaandika yote. Asiyesoma mpaka mwisho asiniulize tena.

Mambo ya tiketi na mizigo nimeyaruka. Hayo kila mtu anayajua.

Kabla sijatoka Nairobi

Kwa wale walioingia kundini juzi: mimi ni mpiga fidla na mwimbaji wa Taa Hafifu, bendi ya roki ya watu wanne ambayo redio haziipigi. Tuna albamu mbili. Ya kwanza ilisikilizwa na jamaa zetu. Ya pili hata jamaa walikuwa wameshachoka. Tumepiga kwenye kumbi zinazovuja, kwenye bustani za watu, na mara moja Kisumu ambapo umeme ulipotea wimbo wa kwanza ukarudi tukishafungasha vyombo.

Lakini tuna wimbo mmoja. Tunauita "Maro", na tukiupiga watu huweka vinywaji chini. Nimeona wanaume wenye ndevu wakilia. Kuna wawili waliotuomba tuwapigie wimbo huo siku ya ndoa yao, tukaupiga, na ukumbi mzima ukafuta machozi. Niliurithi kwa Mama. Alikuwa akiuimba kwa Kipokomo pale jikoni kwetu akiosha vyombo, polepole sana, huku akitazama dirishani. Kipokomo changu kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula, kwa hiyo sikujua maneno yanasema nini. Nilijua tu kwamba Maro ni mtu, na kwamba kuna huzuni. Mama alifariki kabla sijamuuliza. Nikaendelea kuuimba macho nimefumba, na mashabiki wakaendelea kuniuliza Maro aliniacha lini.

Albamu ya tatu ndiyo ya mwisho, hilo mnalijua. Mutua, mpiga ngoma wetu, anahamia Kigali na mkewe, na bila Mutua hakuna Taa Hafifu. Ni yeye aliyesema "Maro" ufunge albamu, na mwisho wa wimbo vyombo vyote vinyamaze, ibaki sauti ya bibi yangu mzaa mama peke yake. Bibi Rebeka yuko Golbanti, analima mpunga. Nilimpigia simu kupitia Mjomba Komora, ndugu yake Mama. Jibu likaja fupi: ataimba, lakini shambani tu, na kabla mpunga haujakatwa. Ukishakatwa haimbi mpaka msimu mwingine. Sababu hakutoa.

Niwaambie na jambo ambalo sikumwambia Mutua. Sina hata dakika moja ya sauti ya Mama. Simu yake ya zamani ilikufa na kila kitu kilichokuwa ndani. Na watu wa kwetu wote husema Bibi na Mama walikuwa na sauti moja, kwamba ukiwa nje ya nyumba huwezi kujua ni nani anayeita. Nilitaka kuisikia tena. Albamu ilikuwa kisingizio kizuri.

Malindi hadi Tarasaa, yaani Garsen

Mpaka Malindi hakukuwa na kisa. Hapo nilipanda basi la kwenda Lamu, nikamwambia kondakta anishushe Tarasaa, nikaweka fidla mapajani. Jirani yangu alikuwa mama wa Kigiriama aitwaye Kadzo, ana biashara ya nguo Minjila, na hakuna kitu duniani kisichomhusu.

"Dada, hiyo ni fidla?"

"Ndiyo."

"Arusi ni ya nani?"

Nikamwambia siendi arusini. Nikamweleza kazi yangu kwa urefu, kwa sababu safari ilikuwa bado mbichi na nilikuwa na nguvu: bendi, magitaa ya umeme, nyimbo ninazotunga mwenyewe, kumbi ndogo, watu wanaosimama mbele ya jukwaa na kutikisa vichwa. Kadzo alisikiliza yote kwa heshima. Nilipomaliza akaniuliza tena, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukumbuka, "Sasa arusi ni ya nani?"

Pwani ile, nyinyi watu wa bara, fidla ni chombo cha taarabu, na taarabu ni arusi. Mtu mwenye fidla kwenye basi anakwenda arusini, kama vile mtu mwenye nyavu anakwenda kuvua. Niliacha kubishana, nikala korosho zake, nikasinzia.

Nilipoamka, basi lilikuwa limesimama mbele ya maduka, mbuzi wanakatiza barabara, na kondakta ananishushia begi. Nikauliza kama ndio Tarasaa. Ilikuwa Garsen. Tarasaa tulikuwa tumeipita zamani. Kondakta alishangaa nikimlaumu. Alikuwa ameambiwa na yule mama, kabla hajashuka Minjila, kwamba mimi ndiye fundi wa fidla wa arusi ya Garsen, kwamba nimechoka na nisiamshwe. Kadzo alifanya hivyo kwa roho safi kabisa, na kweli, Garsen siku ile kulikuwa na arusi.

Garsen: arusi isiyonihusu

Sikupata nafasi ya kutafuta gari la kurudi. Vijana wawili walikuwa wananisubiri stendi. Walikuwa wametumwa kumpokea mpiga fidla kutoka Malindi, na hapa ameshuka mtu kutoka Malindi ana fidla. Mmoja alichukua begi, mwingine sanduku, wakatangulia. Nilipowafikia tulikuwa tumeshaingia uani kwa Bi Zena, mama ya bibi harusi, mfanyabiashara aliyetokea Kipini miaka mingi iliyopita na kuleta Kiswahili chake chote.

"Mwanangu, sasa ndio waja? Twakungoja tangu asubuhi."

"Mama, samahani, mimi si huyo mnayemngoja."

"Wajua kupiga hiyo?"

"Najua, lakini..."

"Basi wewe ndiye. Kaa ule kwanza, wataka kupiga na njaa?"

Kukaa na kula nilikaa na kula. Nililetewa pilau yenye nyama ya mbuzi laini, kachumbari, samaki wa kupaka, na tambi za sukari ambazo niliambiwa ni za kuonja tu, halafu sahani ikajazwa mara mbili. Mtu aliyekula hivyo hana mdomo wa kukataa kazi. Fundi wa kweli, tukaja kujua baadaye, alikuwa bado Malindi akitibu jino.

Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, wamependeza, wananukia udi, na wote wakanigeukia. Niliamua kuwapa kilicho bora nilichonacho. Nikapiga wimbo wa kwanza wa albamu ya pili, ule mrefu, wenye sehemu ya katikati ambapo upinde unakwaruza makusudi. Nikaimba. Nikauma midomo kama ninavyofanya jukwaani. Nilipomaliza kulikuwa na ukimya mzuri, nikadhani nimewagusa.

Bi Zena akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya, nyuzi zimekaa sawa sasa. Anza basi."

Walidhani nilikuwa natengeneza fidla. Nyimbo za ujana wangu wote, miaka ya kulala kwenye makochi ya watu, walizichukua kama kukaza nyuzi. Sikukasirika, nilicheka mpaka kilemba nilichoazimwa kikanidondoka. Kisha bi mmoja mnene akachukua ngoma ya dumbaki, akaanza kuimba wimbo wa kumsifu bibi harusi, nami nikamfuata nyuma kwa kubahatisha. Wakapiga vigelegele. Kusema kweli sijawahi kushangiliwa vile tangu nianze kazi hii, na nilikuwa nakosea karibu kila mahali.

Jioni nikaaga. Bi Zena akasema hakuna gari la maana saa zile, nilale, na fidla yangu ameshaiweka pahali pema isichezewe na watoto. Pahali pema palikuwa kabati lake la chumbani, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye kwenye mkoba. Asubuhi nilipoamka Bi Zena alikuwa ameshaondoka na jamaa kumsindikiza bibi harusi Witu. Mkoba ulikwenda naye.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa. Mjomba Komora alipiga simu nikiwa nimekaa mbele ya kabati.

"Uko wapi?"

"Garsen."

"Garsen unafanya nini?"

"Niko harusini."

"Bibi yako amenoa mundu," akasema. "Jana alinoa mmoja. Leo amenoa yote. Mpunga umeiva, na akiona ndege wamezidi ataukata tu. Usifikirie atakungoja kwa sababu wewe ni mtu wa Nairobi."

Nilimwomba ambembeleze. Akasema yeye ni mtoto wake, ameishi naye maisha yote, na bado hajaona mtu aliyembembeleza Bibi akafanikiwa. Nikarudi kulitazama kabati. Lilikuwa kabati zuri la mvule, la kazi ya zamani, na halikuwa na dalili ya kufunguka kwa kucha.

Bi Zena alirudi siku iliyofuata, akashangaa kunikuta nimenuna. "Hukula?" akaniuliza. Nilikuwa nimekula kila walicholeta. Nilipomweleza habari za Bibi na mpunga alishika kichwa, akanigombeza kwa kutosema mapema, na papo hapo akatuma mtu sokoni anitafutie gari lolote linalokwenda upande wa Tarasaa, hata kama ni la mifugo.

Garsen hadi Tarasaa, na mbuzi

Lilikuwa la mifugo. Lori la mbuzi kwenda Malindi, na mwenye mbuzi alikuwa dalali wa Kiorma aitwaye Barisa, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia safi na viatu safi kuliko vyangu. Aliniweka mbele, kati yake na dereva, akaitazama fidla kwa muda mrefu kabla ya kusema neno.

"Hii kitu ya nini?"

Kufikia hapo maelezo ya kazi yangu yalikuwa yamefupika. Nikamwambia napiga hii na kuimba, watu wanakuja kusikiliza.

"Watu nakaa?"

"Hapana, wanasimama."

"Viti hakuna?"

"Viti vipo, lakini wanapenda kusimama."

Barisa akamtafsiria dereva kwa Kiorma. Dereva akasikitika. Wakaongea kidogo, kisha Barisa akaniambia dereva anauliza kama wameshindwa kununua viti.

Katikati ya njia tulisimama. Mbuzi mmoja alikuwa amelala chini nyuma, na mbuzi akilala ndani ya lori wenzake wanamkanyaga, kwa hiyo lazima mtu apande amwinue. Wakati dereva anahangaika, Barisa aliniomba nipige kidogo. Nikasimama kando ya barabara, jua limewaka, nikapiga "Maro". Mbuzi wote wakanyamaza. Nilijisikia vizuri sana.

"Inalia," akasema Barisa.

"Ndiyo. Ni wimbo wa huzuni."

"Mimi iko na ng'ombe moja ilikuwa nalia hivi hivi. Usiku, mchana, nalia. Ndama yake ilikufa." Akafikiri. "Ile ilikuwa ng'ombe mzuri sana."

Nimeandikwa kwenye magazeti mara mbili, na hakuna aliyewahi kunisifu vile. Tarasaa walinishusha kwenye maduka, Barisa akanisaidia begi mwenyewe, akaniagiza nimsalimie bibi yangu ingawa hawajuani. Nilinunua sukari, majani ya chai na sabuni, maana huwezi kwenda kwa Bibi mikono mitupu, halafu nikatafuta pikipiki.

Tarasaa hadi Golbanti

Njia ya Golbanti ilikuwa imenyeshewa. Pikipiki iliteleza mara kadhaa, na mara moja tulianguka kabisa, taratibu, wote watatu: mwendeshaji, mimi na fidla. Udongo ule mweusi ukishakushika haukuachii. Hapo ndipo yalipotoka matope ya kwenye sanduku ambayo Achieng' amekuwa akiyakwangua kwa ukucha na kuuliza ni nini. Mwendeshaji aliniuliza kama ndani kuna mtoto, jinsi nilivyolikumbatia.

Mjomba Komora alikuwa ananingoja karibu na kanisa, akiwa na uso wa mtu mwenye habari mbaya.

"Wamekata?" nikauliza kabla ya salamu.

"Nusu," akasema. "Wameanza leo asubuhi. Nimemwambia uko njiani, akasema njia hiyo ni ndefu kuliko ya Yerusalemu. Twende."

Tulivuka kwa mtumbwi mkono wa mto wenye maji yaliyotulia, tukatembea juu ya tuta kati ya mashamba. Upande mmoja mpunga ulikuwa umeshalala chini kwa mafungu. Upande wa pili ulikuwa bado umesimama, wa manjano, umeinama kwa uzito, na katikati yake kulikuwa na dungu, kile kichanja cha miti ambayo mlinzi hukaa juu kufukuza ndege. Juu ya dungu alikuwa Bibi Rebeka, debe la bati kulia, kombeo kushoto, na rundo la matonge ya udongo miguuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Nairobi hakuna chakula?" Hakungoja jibu. "Panda. Hiyo mashine yako weka hapo. Kazi kwanza, wimbo utatoka wenyewe."

Juu ya dungu

Nikawasha kinasa sauti nilichokuwa nacho mkononi, nikakiweka kwenye kona ya dungu. Kundi la kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, likatokea upande wa mto. Na Bibi yangu, mwanamke wa kwaya ya Methodisti, akasimama, akapiga debe na kuanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wetu. Niliutambua kwa maneno yake, lakini ulikuwa unakwenda mbio, umejaa makelele, sauti imekauka na inakwaruza, na kila mstari ulimalizikia kwa tonge la udongo kurushwa. Ndege wakageuka. Na kutoka ng'ambo ya tuta, kwenye shamba la jirani, sauti ya mzee ikajibu kwa wimbo huo huo, na ndege wakageuka tena.

Nilimuuliza Mjomba maneno yanasema nini. Akanishangaa. "Hujui? Si wewe unayeuimba huko?" Kisha akanifasiria, mstari kwa mstari, bila huruma.

"Nyinyi wenye matumbo makubwa, huku mpunga ni mchungu. Mtamu uko kwa Maro. Nendeni kwa Maro, Maro amelala."

"Na Maro ni nani?"

"Si huyo anayemjibu Bibi yako? Shamba letu na lake yamepakana tangu baba zetu. Sisi tunawatuma ndege kwake, yeye anabadili jina tu, anawatuma kwetu."

Nikakaa chini. Niliwakumbuka wale wanaume wenye ndevu. Nikawakumbuka bwana na bibi harusi wetu, wameshikana mikono mbele ya watu, wakila kiapo huku mimi nimefumba macho nikiwaelekeza ndege kwenye shamba la mzee wa Golbanti.

Mchana Maro mwenyewe alikuja kula nasi wali na kambare wa kukaanga, mzee mwembamba mwenye meno machache na macho ya utani. Mjomba alimsimulia yote. Alitafuna polepole akitafakari.

"Wanalia kwa ajili yangu?"

"Wanalia, babu."

"Wengi?"

"Siku nyingine ukumbi mzima."

Akamgeukia Bibi. "Umesikia, Rebeka? Wewe unanitumia ndege, Nairobi wananililia." Akaomba kichwa cha kambare, akapewa.

Nilicheka na wao, lakini moyoni nilikuwa nimevunjika, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimekuja kutafuta sauti ya Mama. Sauti ya Bibi ilikuwa imeliwa na misimu ya kupigia ndege kelele, na haikufanana na ya Mama hata kidogo. Wenye kusema zinafanana walikuwa wanakumbuka Bibi wa zamani. Baada ya chakula tulipanda tena, nikajaribu la mwisho.

"Bibi, huwezi kuuimba polepole?"

"Polepole? Ndege watadhani nawakaribisha."

"Hivi." Nikamwimbia kidogo, kwa sauti ya chini, vile nilivyousikia jikoni.

Bibi akaliacha kombeo lianguke. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Mama. Alikuwa anauimba hivyo siku zote."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Mjomba naye alikuwa anacheka, na hakunieleza kitu mpaka Bibi alipopata pumzi.

"Yunis," akasema Bibi. "Huyo alikuwa mlinzi mbaya kuliko wote. Tulimweka hapa hapa, msichana mdogo, akaimba hivyo hivyo. Ndege wakishuka hafukuzi. Wanakula yeye anaimba. Watu wanapita njia wanasimama kusikiliza, mpunga unakwisha. Baba yake akagomba. Mimi nikamwambia, imba kwa hasira, Yunis. Akaniambia, Mama, ndege hawajanikosea."

"Mkamfanya nini?"

"Tungefanya nini? Msimu uliofuata tukampeleka shule ya bweni. Shambani alikuwa hasara." Akafuta macho kwa ncha ya leso, akacheka tena kidogo, kisha akaacha kucheka. Alikaa akiangalia mpunga uliobaki. "Piga na hicho kitu chako," akaniambia. "Vile vile alivyoimba."

Nilitoa fidla, nikaisafisha matope, nikapiga polepole. Sikufumba macho safari hii. Kundi likaja kutoka mtoni, likazunguka mara moja, na kwa kuwa hakuna aliyelipigia debe likashuka. Kwelea walijaa kwenye masuke karibu kabisa na sisi, nasikia wanavyopasua punje. Mjomba akanyoosha mkono kuchukua debe. Bibi akamshika kiwiko, akautuliza mkono wake chini. Ng'ambo ya tuta Maro alianza kupiga kelele kwa Kiswahili, ili hata mimi nielewe, "Rebeka! Umelala?" Bibi hakumjibu. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama ndege wakila mpunga wake, na midomo yake inacheza bila kutoa sauti.

Nilimaliza wimbo wote. Upinde uliposimama, Bibi aliinuka, akashika tonge la udongo, akawaambia ndege bila haraka, kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu:

"Haya. Hiyo ilikuwa ya Yunis. Sasa tokeni kwenye mpunga wangu."

Na akarusha.

Hicho ndicho kilichomo kwenye kinasa sauti, na ndivyo albamu itakavyokwisha. Mutua alikisikiliza mara ya kwanza studio, akataka kuiondoa sauti ya Maro, nikakataa. Akakisikiliza tena, akavua vile vya masikioni, akaniuliza wale ndege walikula mpunga kiasi gani. Nikamwambia sijui. Nilimuuliza Bibi jioni ile, tukifunga mafungu, naye ni mtu anayeweza kukuambia ni suke gani limeibiwa na panya, na akasema hakuangalia.